Uzi: Karl Rahner, mashahidi wa Namugongo, na babu yangu asiye na jina la dini

Mjukuu wa Kyotera (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Katika shamba la migomba la familia yetu, wilayani Kyotera, kuna makaburi kumi na moja. Kumi yana misalaba. La kumi na moja, lililo upande wa juu karibu na mti wa mutuba, ni la babu mzaa baba, nalo halina msalaba kwa kuwa siku aliyozikwa hakupatikana padri wala katekista wa kuja kumwombea. Babu alikuwa na wake wawili. Mabenchi mawili ya mbele katika kanisa la kigango chetu aliyatengeneza kwa mikono yake, watoto wake wote aliwapeleka wakabatizwa, na kila Jumapili alikuja akaketi nje, barazani, chini ya dirisha la kushoto, akasikiliza misa mpaka mwisho. Alipoomba aandikwe katika mafundisho ya ubatizo aliambiwa amwache kwanza mke mmoja. Hakuweza kuchagua ni nani kati ya wale mama wawili atakayerudishwa kwao na mizigo yake kichwani, kwa hiyo alibaki barazani kwa miaka yote iliyosalia. Alizikwa amevingirishwa nguo ya gome kama walivyozikwa baba zake, na nyimbo za kanisa ziliimbwa na wajukuu tu.

Kwetu, mtu aliyebatizwa husemwa kuwa ana jina la dini, na asiyebatizwa ana jina la ukoo peke yake. Kwa sababu hiyo, niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba mwanateolojia mmoja Mjesuiti amefundisha juu ya "Mkristo asiye na jina", sikuyapokea maneno hayo kama istilahi ya vitabuni. Niliyasikia kama habari ya mtu ninayemjua, aliyeketi chini ya dirisha la kushoto.

Mwanateolojia huyo ni Karl Rahner. Alizaliwa tarehe 5 Machi 1904 huko Freiburg, kusini mwa Ujerumani, akaingia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, mwaka 1922 na kupata upadri mwaka 1932. Wakubwa wake walimtuma asomee falsafa, naye akahudhuria semina za Martin Heidegger, lakini tasnifu aliyoiandika juu ya Tomaso wa Akwino ilikataliwa na msimamizi wake, aliyeona kwamba imeegemea mno falsafa ya kisasa. Tasnifu hiyohiyo ndiyo iliyochapwa mwaka 1939 kwa jina la Geist in Welt, yaani Roho katika Ulimwengu, na hadi leo inasomwa. Alifundisha Innsbruck, Munich na Münster. Mwaka 1962 Roma iliagiza kwamba maandishi yake yakaguliwe kabla ya kutolewa, na mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia yote, ukafunguliwa, ambapo Kardinali Franz König wa Vienna alimchukua kuwa mshauri wake, na agizo lile likafifia. Alifariki Innsbruck tarehe 30 Machi 1984, akiwa ameacha, pamoja na mengi mengine, majuzuu 16 ya makala za teolojia.

Fikra zake zinaogopewa kwa ugumu, na ni kweli kwamba sentensi zake ni ndefu kuliko barabara ya Gulu. Hata hivyo, kiini chake naamini kinaweza kusemwa. Simama alfajiri kwenye mwalo wa Ggaba uutazame mtumbwi unaoelekea visiwani. Jicho linaushika mtumbwi, lakini linaweza kuushika kwa sababu nyuma yake kuna ule mstari ambapo maji na mbingu hukutana. Mstari huo hakuna anayeutazama kwa makusudi, na mvuvi akipiga kasia kutwa hataufikia, ila bila huo mtumbwi usingekuwa mbali wala karibu. Rahner anasema kwamba kila tunapojua kitu chochote, kila tunapopenda mtu au kuamua jambo, tumekwisha kuelekea kwenye upeo usio na mwisho ambao hatuushiki mkononi, na upeo huo ndio anaouita Fumbo takatifu, ndio Mungu. Kisha anaongeza jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: Mungu hakubaki kule upeoni kama mstari usiofikika. Amejitoa mwenyewe, amejisogeza, na kujitoa huko ndiko neema. Neema kwake si kitu ambacho Mungu anagawa, ni Mungu mwenyewe anayejigawa. Na kwa kuwa Mungu hutaka watu wote waokolewe, kama Mtume Paulo alivyomwandikia Timotheo, basi kujitoa huko kumewekwa mbele ya kila mtu, tangu awe mtu, popote alipozaliwa.

Kutoka hapo ndipo linapozaliwa fundisho la Mkristo asiye na jina. Mtu anayeitikia kujitoa kwa Mungu katika dhamiri yake, katika uaminifu wake kwa jirani, katika kuyapokea maisha yake pamoja na kifo chake bila kukata tamaa, huyo ameipokea neema ya Kristo hata kama hajawahi kulitamka jina la Kristo au amelisikia vibaya. Haokolewi na dhamiri yake, anaokolewa na Kristo, ila kwa njia ambayo yeye mwenyewe hawezi kuitaja.

Naomba tulijadili fundisho hili tukiwa na Namugongo mbele ya macho yetu, mahali ambapo vijana Wakristo wa ikulu ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, waliuawa kwa sababu ya imani yao. Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga alipojua kwamba kesho yao ni kifo, aliwabatiza usiku vijana waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanafunzi wa dini wanaojiandaa kubatizwa, miongoni mwao Kizito, Mugagga, Gyaviira na Mbaga Tuzinde. Lakini miongoni mwa waliokufa Namugongo tarehe 3 Juni yumo Mukasa Kiriwawanvu, ambaye maji ya ubatizo hayakumfikia. Alikufa akiwa mkatekumeni. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, katikati ya Mtaguso uleule aliokuwamo Rahner, jina la Kiriwawanvu lilisomwa pamoja na ya wenzake, na siku 34 baadaye Mtaguso ulitangaza hati juu ya Kanisa, ambayo katika namba 16 inasema kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kwa msaada wa neema kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu wa milele. Sisi Waganda tunayasoma mambo haya mawili kana kwamba hayakutokea chini ya paa moja. Mimi nadhani yanapaswa kusomwa pamoja, na ningependa kujua wenzangu mnaonaje.

Msomaji wa Mbarara

Ndugu Mjukuu, pole kwa kaburi la mzee, na asante kwa uzi ulioandikwa kwa heshima. Lakini naomba nikupinge palepale ulipoweka hoja yako, yaani Namugongo.

Aliyempinga Rahner kwa nguvu kuliko wote, Hans Urs von Balthasar, alikuwa Mswisi aliyezaliwa mwaka 1905, na aliandika kijitabu mwaka 1966, mara tu baada ya Mtaguso, juu ya ushahidi wa damu. Jina la kijitabu limetokana na Kordula, msichana wa hadithi ya Mtakatifu Ursula, ambaye wenzake walipouawa alijificha usiku ule, na asubuhi akatoka mwenyewe akauawa naye. Balthasar anauliza: nani atatoka mafichoni kama Kordula kwa ajili ya upeo usio na jina? Mwishoni anamwonyesha Mkristo wa kisasa akihojiwa na kamisaa wa serikali isiyoamini Mungu. Mkristo anaeleza kwamba kwa kweli kila mtu mwema ni Mkristo kwa namna fulani, hata kamisaa mwenyewe, na kamisaa anaona hana sababu ya kumwua mtu ambaye imani yake imekwisha kuyeyuka yenyewe.

Sasa chukua swali hilo ulipeleke kwenye baraza la Kabaka Mwanga. Vijana wale walitakiwa wajitenge, wanaosali upande mmoja na wasiosali upande mwingine. Hawakuulizwa kama wana dhamiri njema. Waliulizwa juu ya kusali, na walijua wanasali kwa nani. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyetangulia kuuawa Novemba 1885, alikufa kwa sababu alisema wazi kile ambacho angeweza kukinyamazia. Kama Mkristo asiye na jina anatosha, Kizito angeweza kubaki upande wa pili wa baraza, akawa mtu mwema, akazeeka. Na hata Kiriwawanvu unayemtaja si mfano wa Rahner. Alikuwa mkatekumeni, anamjua Kristo kwa jina, anatamani ubatizo. Kanisa limekuwa likifundisha ubatizo wa damu na ubatizo wa tamaa karne nyingi kabla Rahner hajazaliwa. Hamhitaji Mjerumani ili kumwelewa.

Mjukuu wa Kyotera

Ndugu yangu wa Mbarara, umelenga mahali penyewe, na sitakwepa.

Nakubali jambo la kwanza bila masharti. Kama fundisho la Rahner lingemaanisha kwamba jina la Kristo ni pambo ambalo mtu anaweza kulivaa au kulivua, basi mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka Kasese na Arua hadi Namugongo kila Juni wangekuwa wanaheshimu kosa la ufahamu, na mimi ningekuwa wa kwanza kulitupa. Swali la Balthasar ni la haki, na kila anayemsoma Rahner anapaswa kupita mbele ya kamisaa yule.

Lakini Rahner hakusema jina ni pambo. Alisema kwamba neema iliyopokewa katika giza inasukuma kutoka ndani ili ipate mwili, ipate neno, ipate jumuiya, kama mbegu iliyo udongoni isivyoweza kukaa bila kutafuta kuchipua. Kwa hiyo umisionari kwake haufi. Mmisionari haji kuleta mvua mahali pasipo na mbegu, anakuja kuita kwa jina kile ambacho Mungu amekwisha kupanda. Na ukimtazama Kizito kwa jicho hilo, unaona kwamba kijana aliyemlilia Lwanga ambatize usiku ule alikuwa amekwisha kushikwa na kitu kabla maji hayajamfikia, na ndicho kilichomfanya ayatake maji.

Ndivyo ninavyomwelewa Kiriwawanvu pia. Ni kweli ubatizo wa damu ni fundisho la kale, na sitaki kumpa Rahner sifa isiyo yake. Alichofanya ni kuuliza swali ambalo fundisho hilo huliacha nyuma yake: damu na tamaa zinawezaje kufanya kazi ya maji? Damu ya mtu haina nguvu ya sakramenti. Jibu lake ni kwamba zinaweza kwa sababu neema ilikuwa inatenda tayari, na maji, damu na tamaa vyote vinaitikia mwito uleule uliotangulia. Ukilikubali hilo kwa ajili ya Kiriwawanvu, basi umekwisha kufungua mlango, na swali lililobaki ni mlango huo unafika wapi. Unamfikia mkatekumeni wa miezi michache tu? Unamfikia aliyeomba kuandikwa akakataliwa? Unamfikia nyanya yake aliyefariki kabla ya Februari 1879, wakati wamisionari Wakatoliki wa kwanza, Padri Lourdel na Bruda Amans, walipofika ufukweni Kigungu?

Babu yangu hakuwa mkatekumeni kwa kitabu cha parokia. Jina lake halimo. Alitaka, akakataliwa kwa sababu ambayo mimi, nikiwa mtu mzima mwenye mke mmoja, naielewa kama sheria na siwezi kuielewa kama hukumu ya mwisho juu ya mtu. Na tazama kilichomzuia: hakukataa Kristo ili abaki na starehe yake, alikataa kumtupa mwanamke. Rahner anasema kwamba mtu anayempenda jirani bila kujihesabia faida amekwisha kumgusa Mungu, ajue au asijue, na aliandika wazi kwamba upendo wa Mungu na upendo wa jirani ni kitu kimoja. Nikisoma hayo siwezi kuacha kuona mama wawili wakipalilia mgombani pamoja, wala mmoja asiende zake barabarani na mizigo.

Mnubi wa Bombo

Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu, na nimesoma uzi huu kwa makini kwa kuwa Namugongo ni mahali petu pia. Miaka kama kumi kabla ya Karoli Lwanga, vijana Waislamu wa ikulu ya Kabaka Mutesa waliuawa kwa sababu ya dini yao, walipokataa kuongozwa sala na mtu asiyefuata sheria ya Uislamu na kula nyama isiyochinjwa kihalali. Watu wengi wanaokwenda Namugongo kila Juni hawajui habari zao.

Swali langu kwa Mjukuu ni jepesi kulisema. Vijana wale walikufa wakimtaja Mwenyezi Mungu kwa ulimi wa Qurani. Ukiniambia kwamba walikuwa Wakristo wasio na jina, je, hujawanyang'anya jina walilolifia? Mtu akiniambia mimi kwamba kwa kweli ni Mkristo ila sijijui, nitamshukuru kwa nia njema, lakini nitahisi kwamba ameingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi.

Mjukuu wa Kyotera

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Hili ndilo pingamizi linaloniumiza kuliko la Balthasar, na sina jibu la kulimaliza.

Wakatoliki wenyewe walimwambia Rahner hivyohivyo. Hans Küng aliona kwamba kumwita mtu Mkristo dhidi ya maneno yake mwenyewe ni kumkosea heshima. Henri de Lubac alikubali kwamba wako watu wanaoishi kwa neema ya Kristo bila kumjua, lakini akakataa kwamba kuna Ukristo mzima usio na jina, uliosambaa katika dini nyingine, kwa kuwa Injili ni habari mpya na haikuwapo kabla ya kutangazwa. Rahner mwenyewe amesimulia kwamba mwanafalsafa wa Kijapani, Keiji Nishitani, alimwuliza angesemaje kama yeye Rahner angeitwa Mbudha wa Zen asiye na jina. Alijibu kwamba angejiona ameheshimiwa, kwa maana angeelewa kwamba Nishitani, akiwa ndani ya imani yake, hana neno kubwa zaidi la kumpa.

Jibu hilo ni la kiungwana, ila halitoshi mbele ya vijana unaowataja. Mimi nimefika kuona kwamba fundisho la Rahner ni sahihi likiwa sala na ni baya likiwa anwani. Ni neno ambalo Mkristo anaweza kulisema anapomzungumzia Mungu, kwamba Mungu wake si mwenye mkono mfupi, wala hashindwi na mipaka ya parokia. Si neno la kumwambia jirani usoni, wala la kumbandikia marehemu wa watu wengine. Rahner aliliandika kwa ajili ya Wakristo waliokuwa na hofu, ambao kila mmoja alikuwa na mtoto, kaka au mke aliyeacha kusali, akiuliza kama amepotea. Likitoka nje ya nyumba hiyo na kwenda kwa jirani, linabadilika. Papa Paulo VI alipokuja Kampala mwaka 1969 na kuzungumza na Waislamu, alitenda vizuri zaidi: aliwakumbuka waumini wa Kiislamu waliokubali kufa kuliko kuvunja amri za dini yao, akawataja kwa dini yao wenyewe, pamoja na mashahidi Wakatoliki na Waanglikana. Mimi nashika mwenendo huo. Vijana wenu walikuwa Waislamu, na kwamba Mungu aliwapokea ni tumaini ambalo silazimiki kulipa jina langu.

Mwalimu wa Masaka

Naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Kwa nini tunamhitaji mtu wa Freiburg atupe ruhusa ya kuwatumainia babu zetu? Wazee wetu waliwaheshimu marehemu wao kabla ya misheni, na hawakuona haja ya kitabu. Je, Rahner anajua lolote juu yetu, au tunajipendekeza kwake?

Mjukuu wa Kyotera

Mwalimu, swali lako Rahner alilikaribia mwenyewe uzeeni, na hapo ndipo mahali ambapo mimi namwona mkubwa kuliko katika fundisho la Mkristo asiye na jina.

Mnamo Aprili 1979 alitoa mhadhara Marekani, huko Cambridge, Massachusetts, akiuliza Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa na maana gani hasa. Jibu lake lilikuwa kwamba historia ya Kanisa ina vipindi vikubwa vitatu tu. Cha kwanza ni kifupi, Kanisa la Wayahudi. Cha pili kilianza Mtume Paulo alipokubaliwa kwenda kwa mataifa bila kuwatahiri, na kikaendelea karibu miaka elfu mbili katika utamaduni wa Kigiriki na wa Ulaya. Cha tatu ndicho kinachoanza sasa, Kanisa la dunia nzima. Na akasema jambo ambalo kutoka kwa Mzungu wa miaka 75 si dogo: kwamba Kanisa lilivyoenenda nje ya Ulaya lilifanana na kampuni inayosafirisha bidhaa, ikipeleka dini ya Kizungu ikiwa imefungwa tayari, bila nia ya kuibadilisha. Dalili ya kipindi kipya aliiona katika maaskofu waliokusanyika Mtagusoni. Kwenye Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1869 na 1870, maaskofu waliotoka nchi za misheni walikuwa Wazungu. Kwenye wa Pili walikuja wenyeji wenyewe.

Wewe unatoka Masaka, huna haja ya kuambiwa maana yake. Askofu Joseph Kiwanuka aliwekwa wakfu Roma na Papa Pius XII mwezi Oktoba 1939, akiwa askofu wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama hizi katika Kanisa la Kilatini, akaiongoza Masaka na mapadri wenyeji, na baadaye akiwa Askofu Mkuu wa Rubaga aliketi Mtagusoni. Rahner alipokuwa akitafuta maneno ya kueleza Kanisa la dunia, mtu wetu alikuwa ameketi katika basilika ileile. Kwa hiyo sioni kwamba yeye ametupa ruhusa. Naona kwamba alikuwa mmoja wa Wazungu wa kwanza kukiri kwamba ruhusa haikuwa yake kutoa. Alilinganisha mabadiliko haya na yale ya wakati wa Paulo, na akakiri kwamba hatujui bado ni mambo gani yatalegezwa kama ilivyolegezwa tohara. Sitaki kumwekea maneno mdomoni kwamba alikuwa akifikiria wake wawili wa Kyotera. Lakini swali alilolifungua ni pana kiasi cha kuwaingiza.

Upungufu wake upo pia, na aliyeuonyesha vizuri ni mwanafunzi wake mwenyewe, Johann Baptist Metz. Metz alisema kwamba mtu anayezungumzwa na Rahner, huyo mwenye upeo na dhamiri, ni mtu aliyetulia mno, hana njaa wala jeshi mlangoni, na kwamba teolojia inapaswa kuanza na kumbukumbu ya walioteswa. Nchi iliyopitia miaka ya 1970 chini ya Idi Amin kama yetu haihitaji kufafanuliwa hilo. Ila Rahner alimsikiliza mwanafunzi wake. Mwaka 1983, mwaka mmoja kabla ya kufariki, aliandika kuomba kwamba neno shahidi lipanuliwe, limhusu pia anayeuawa kwa kupigania haki kwa sababu ya imani yake, akimtaja Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador, aliyeuawa mwaka 1980. Kanisa lilimtangaza Romero mtakatifu mwaka 2018. Tukiyasoma maneno hayo hapa, tunawakumbuka Padri Clement Kiggundu, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Munno, aliyeuawa mwaka 1973, na ndugu yetu Mwanglikana, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977.

Katekista wa Kabarole

Mimi si msomi, lakini nazika watu, kwa kuwa padri ana vigango vingi na hawezi kufika kila mahali. Naomba niongeze jambo la kazi. Kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema kwamba kwa habari ya mazishi wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Wenzangu wengi hawaijui, wanawanyima wafiwa kitu ambacho Kanisa halijawanyima. Kwa mtu kama mzee wa Mjukuu, ambaye hata kuandikwa hakuandikwa, kanuni hiyo haifiki. Mimi huenda hata hivyo, bila kanzu. Nasali rozari pamoja na familia, nasoma Zaburi, narudi nyumbani. Sijawahi kumsoma Rahner. Ningependa kujua kutoka kwa Mjukuu, je, hilo kaburi mtaliwekea msalaba?

Mjukuu wa Kyotera

Katekista, laiti ungekuwa jirani yetu mwaka ule.

Ndugu zangu walitaka tuuweke msalaba Pasaka iliyopita, saruji ilikwisha kununuliwa. Niliwaomba wasubiri, na maneno ya mzee wetu wa Bombo yamenipa sababu ambayo wakati ule sikuweza kuieleza. Babu aliomba jina, hakupewa. Sioni kwamba ni haki yetu sisi wajukuu kulichonga sasa juu yake kana kwamba alipewa, na wale waliomwacha barazani wapite hapo waone kwamba mambo yalikuwa sawa. Kaburi litabaki lilivyo, chini ya mutuba.

Tulichofanya ni hiki. Mwezi Novemba, kila familia katika kigango huandika majina ya marehemu wake kwenye karatasi, na yanasomwa kabla ya misa. Mwaka jana niliandika majina yetu kumi na moja. Kumi yalikuwa na jina la dini na la ukoo. La babu lilikuwa la ukoo peke yake, nami nililiweka katikati ya orodha kwa hofu kwamba msomaji angelikuta mwishoni akaliruka. Msomaji alikuwa kijana mdogo aliyesimama mbele ya mabenchi mawili ya babu. Alilisoma kama alivyosoma mengine, watu wakaitikia, akaendelea na linalofuata.